Lifti isizime stima ikipotea: mwongozo wa kupanga zamu za lifti, sola na betri katika jengo la ghorofa

Maswali ni yale yale kila wiki. "Fundi, tumeweka sola na betri, mbona lifti bado yazima?" "Lifti mbili zataka betri ngapi?" "Jenereta ikiwaka lifti yakataa kwenda, kuna nini?" Tangu ile siku ya 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, simu yangu haijatulia, na wengi wanaopiga tayari wameshanunua vitu kabla ya kuuliza.

Jibu langu la kwanza huwakera wenye majengo: huenda shida yako si betri. Lifti haili stima nyingi. Inataka nguvu nyingi ya ghafla kwa sekunde chache, na inataka pawe na kitu kinachoamua nani ajongee sasa na nani angoje. Ukiwa na jua, betri, jenereta na laini ya Kenya Power chini ya paa moja, hiyo ni gridi ndogo, na gridi ndogo isiyo na zamu ni kama kivuko cha Likoni bila foleni.

Mwongozo huu ni wa fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya), na wa msimamizi wa jengo anayetaka kujua amuulize fundi huyo nini. Ndani ya kabati la kontrola ya lifti haingii mtu ila kampuni inayoitunza lifti hiyo. Sitarudia onyo hilo.

Mfano wangu ni jengo la ghorofa 9 lenye lifti 2, kila moja ya watu 8 (kilo 630), mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Majengo ya namna hii yamejaa hapa Mombasa: Nyali, Tudor na Kizingo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kibati cha mota ya kila lifti: kilowati, ampea, na kama inaendeshwa na draivu ya kubadilisha mwendo au ni mota ya zamani ya kasi mbili.
- Mita ya kubana waya inayoshika kilele cha ampea. Ile ya bei rahisi isiyoshika kilele itakudanganya.
- Kipima mpangilio wa fezi, yaani jinsi waya tatu za stima zinavyofuatana.
- Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa stima ya kawaida) ya fezi 3 inayoweza kusimama bila laini ya nje. Kwa mfano wetu, kilowati 12.
- Betri za lithiamu za volti 51.2. Moja ya ampea-saa 100 hubeba kilowati-saa 5.12.
- Chenjiova (swichi ya kuhamisha jengo kutoka chanzo kimoja cha stima hadi kingine) ya kujiendesha yenye nguzo 4, yaani inayokata nyutro pia.
- Kontrola ndogo ya kupangiwa programu, yenye angalau viingilio 8 na rilei 8 (swichi ndogo zinazoendeshwa na kontrola).
- Barua ya kampuni ya lifti inayosema kontrola yao inapokea ishara gani kutoka nje.
- Cheti cha ukaguzi wa lifti ambacho hakijapita miezi 6. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakidai, na ukiunganisha mfumo mpya kwenye lifti isiyo na cheti, lawama ya kila kitu itakuwa yako.
- Daftari na kalamu kwa bawabu. Usicheke, utaona kazi yake kwenye hatua ya 7.

Kama mota yako ni ya kasi mbili isiyo na draivu, simama hapa. Mota ile ikianza huvuta ampea mara 5 hadi 7 ya kiwango chake, na hakuna inveta ya bei ya kawaida itakayovumilia. Ama ubadilishe uendeshaji wa lifti kwanza, ama ubaki na jenereta kubwa.

Hatua

1. Pima, usikisie. Bana waya wa fezi moja ya lifti, kisha iendeshe tupu ikishuka kutoka juu hadi chini. Ndiyo, tupu ikishuka. Upande wa pili wa kamba kuna vyuma vya uzani vilivyo sawa na kabini pamoja na karibu nusu ya mzigo wake, kwa hiyo kabini tupu ikishuka, mota inavuta vyuma hivyo juu. Kazi hiyo yakaribia kazi ya kupandisha kabini iliyojaa. Andika ampea za kuanzia, ampea za mwendo, na ampea lifti ikiwa imesimama tu. Nenda na fezi zote tatu.

2. Hesabu nguvu kwanza, nishati baadaye. Hapa ndipo wengi hugeuza mambo, wakahesabu saa ngapi betri itadumu na kusahau kama itaweza hata kuianzisha lifti.

Nguvu: nusu ya kilo 630 ni kilo 315. Zidisha kwa 9.81 na mita 1 kwa sekunde, unapata wati 3,090. Ongeza hasara za mota na draivu, sema kilowati 4. Lifti ikiwa inaongeza mwendo, kilele chaweza kufika kilowati 7. Lifti mbili zikianza pamoja, 14. Inveta yako ni ya 12. Umeshaona tatizo.

Nishati: safari nzito ya mita 27 kutoka chini hadi juu hula kama kilowati-saa 0.03. Safari mia moja nzito ni kilowati-saa 3 tu. Lakini lifti iliyosimama, taa na feni ya kabini vikiwaka na kontrola ikingoja, ikila wati 200, kwa siku inamaliza kilowati-saa 4.8. Lifti nyingi za nyumba za kuishi hula zaidi zikiwa zimelala kuliko zikiwa zinafanya kazi. Basi kabla ya kununua betri ya tatu, iambie kampuni ya lifti iweke taa na feni zijizime kabini ikikaa dakika 2 bila wito.

Kukatika kwa saa 4 kwenye jengo letu kunahesabika hivi: safari 60 za kila aina, kilowati-saa 1.2; lifti moja kungoja, 0.8; taa za ngazi, 1.2; geti, kamera na intaneti, 0.6; pampu ya maji ya kilowati 2.2 kwa saa moja, 2.2. Jumla ni kilowati-saa 6. Betri mbili hubeba 10.24, na ukizitumia asilimia 80 una 8.2. Zinatosha na akiba ipo.

Onyo: tazama pia ampea ambazo bodi ya betri (saketi ya ndani inayoilinda) inaruhusu kutoka. Betri moja yenye kikomo cha ampea 100 hutoa kilowati 5 tu. Haitaianzisha lifti hata ikiwa imejaa pomoni. Mbili sambamba hutoa 10, basi lifti yapita, lakini lifti na pampu zikianza kwa sekunde moja, bodi itakata.

3. Gawa mizigo ya jengo mafungu matatu. Fungu la kwanza halizimwi kamwe: taa za ngazi, geti, kamera, mawasiliano ya dharura ndani ya kabini. La pili ni la zamu: lifti ya kwanza, lifti ya pili, pampu. La tatu linakatwa mara moja stima ikipotea: eyasi (viyoyozi) za ofisi, hita, soketi za mapokezi. Vyumba vya wapangaji visiingie kabisa kwenye gridi hii. Mpangaji mmoja akiwasha eyasi mbili na pasi, lifti ya jengo zima inamlipia.

4. Weka chenjiova. Ihakikishe kwa mkono kwamba laini ya nje na inveta haziwezi kufunga pamoja hata ukizisukuma. Stima yako ikirudi kwenye waya wa Kenya Power, itapanda kupitia transfoma na kumkuta fundi wao juu ya nguzo akiamini waya umekufa. Wahandisi huita hali ya jengo kujitegemea lenyewe "kisiwa", na sisi wa Mombasa neno hilo hatuhitaji kufundishwa. Ila hiki kisiwa hakina daraja wala kivuko: kikitengana na bara, kitengane kabisa.

Hakikisha fezi za inveta, za jenereta na za laini ya nje zina mpangilio mmoja. Pima kila chanzo peke yake kwenye mlango wa chenjiova, na uandike matokeo kwenye karatasi uibandike ndani ya kabati.

5. Unganisha ishara, siyo nguvu tu. Kontrola yako ndogo na kontrola ya lifti zizungumze kwa rilei zisizobeba volti. Ishara nne zinatosha:

- "Tuko kisiwani": lifti ijue iko kwenye betri.
- "Ruhusa ya kwenda": moja kwa kila lifti.
- "Tutabadilisha chanzo": lifti ifike ghorofa ya karibu, ifungue mlango, isimame.
- Kutoka kwa lifti kuja kwako: "nimesimama ghorofani, mlango wazi."

Ya tatu ndiyo inayosahauliwa kila mahali. Stima ya nje ikirudi na chenjiova ikaruka lifti ikiwa kati ya ghorofa ya 5 na ya 6, breki zinafunga kwa kishindo na mliomo mnasali. Hakuna haraka. Betri iko, stima imerudi, subiri sekunde 40 lifti itue.

Swichi ya wazimamoto haipiti kwenye kontrola yako hata kidogo. Iache ilivyo, iwe juu ya kila sheria utakayoandika.

6. Andika sheria za zamu za betri. Mimi naanza na hizi, kisha narekebisha baada ya mwezi:

- Betri juu ya asilimia 60: lifti zote mbili zina ruhusa, ila moja tu ijongee kwa wakati mmoja. Pampu ianze lifti zikiwa zimesimama.
- 60 hadi 40: lifti moja, pampu imezimwa.
- 40 hadi 25: lifti moja, mwendo uliopunguzwa kama draivu inakubali. Jenereta iwake.
- Chini ya 25: lifti ishuke chini, ifungue mlango, ilale. Taa za ngazi ziendelee.

Weka pengo la kurudi. Kama lifti imelala kwa asilimia 25, isiamke mpaka 35. Bila pengo hilo itaamka na kulala, kuamka na kulala, na simu itakayolia ni yako. Vivyo hivyo laini ya nje: usiiamini inaporudi mpaka ikae sawa dakika 5. Wewe mwenyewe wajua stima yetu hurudi, huaga, hurudi tena.

Pampu ihamie saa 5 hadi saa 8 mchana, jua likiwa kali, tangi la juu lijae kabla ya jioni. Hiyo peke yake yapunguza betri unayohitaji kwa robo au zaidi. Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa nzito pwani, usitegemee jua kujaza kila kitu. Jenereta ifanye kazi yake, na ikiwaka ipewe mzigo wa kutosha, angalau nusu ya uwezo wake, kwa kuichajisha betri. Jenereta inayozunguka tupu masaa hujaa masizi.

7. Panga zamu za lifti zenyewe. Hapa ndipo ninapopenda, na hapa ndipo wasambazaji wengi hawagusi kabisa.

Mpe bawabu daftari wiki moja. Kila robo saa aandike watu walioingia lifti, na wanaelekea juu au chini. Kwenye majengo ya ofisi kitabu chochote kitakwambia asubuhi watu wanapanda. Nyumba za kuishi za Mombasa ni kinyume: kuanzia saa 12 hadi saa 1 na nusu asubuhi kila mtu anashuka, watoto wa shule, wafanyakazi, mikoba, baiskeli. Ijumaa kuna wimbi jingine kabla ya sala ya adhuhuri. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote inahama: wimbi la kupanda kabla ya magharibi, la kushuka kwenda tarawehe, la kupanda baada yake. Programu yenye ratiba moja ya mwaka mzima itakosea mwezi mzima.

Ukiwa na stima ya nje, ziegeshe lifti ukifuata daftari: asubuhi moja ghorofa ya 7 na nyingine ya 4, jioni zote chini. Ukiwa kisiwani, futa sheria ya kuegesha. Kabini tupu ikipanda karibu haili kitu kwa sababu vyuma vya uzani vinaivuta. Kabini tupu ikishuka inakula kama imebeba watu 8 kwenda juu. Kuituma chini bila wito ni kumwaga betri.

Nani aitikie wito? Sheria ya "aliye karibu" hutosha kwenye stima ya nje. Kwenye betri ongeza gharama ya kuanza: hesabu sekunde za kusubiri, kisha ongeza sekunde 20 kwa lifti yoyote itakayolazimika kuanza kutoka kusimama. Mfano: kuna wito wa kushuka ghorofa ya 4. Lifti A imepita ya 7 inashuka na watu wawili. Lifti B imelala ghorofa ya 3. B iko karibu zaidi, lakini A inapita pale pale njiani. Kwa hesabu hii A inashinda, na B haihitaji kuanza.

Weka kikomo: mtu akisubiri sekunde 90, wito wake unapanda juu ya mahesabu yote. Bila kikomo, mpangaji wa ghorofa ya 9 upande wa nyuma atasahaulika, na kwa kawaida ndiye mama mzee mwenye goti bovu. Kabini ikifika asilimia 80 ya mzigo isisimame tena njiani.

Kuna wanaofunga kabisa ghorofa ya 1 na ya 2 lifti ikiwa kwenye betri. Mimi sipendi. Mgonjwa na mtu wa kiti cha magurudumu hawajui asilimia za betri yako. Bandika tangazo mlangoni, wenye miguu watatumia ngazi.

8. Shughulikia umeme unaorudi. Kabini iliyojaa ikishuka, au tupu ikipanda, mota inageuka jenereta. Draivu za kawaida huchoma umeme huo kwenye rezista ya breki. Draivu zinazorudisha umeme huusukuma ndani ya jengo. Kwenye laini ya nje ni jambo jema. Kisiwani, betri ikiwa imejaa, umeme huo hauna pa kwenda.

Kulikuwa na jengo Tudor lililonitesa wiki tatu. Lifti ilizima Ijumaa tu, na si kila Ijumaa. Wenyewe walishaanza kunong'ona mambo ya majini. Hatimaye nilikaa pale tangu asubuhi, stima ikapotea saa 5, na saa 6 na nusu nikaona kwa macho yangu: jua la utosi, betri asilimia 100, wanaume wanane wa kanzu ndani ya kabini wanashuka kwenda msikitini. Volti ikaruka, inveta ikajilinda, giza. Ijumaa ambazo stima haikupotea hakukuwa na shida, na siku nyingine mchana hakuna kabini iliyojaa inayoshuka.

Dawa zilikuwa mbili, tukaweka zote. Ya kwanza, kisiwani sola isijaze betri zaidi ya asilimia 90, ili pabaki nafasi. Inveta hufanya hivyo kwa kupandisha hezi (mara ngapi stima hupiga mawimbi kwa sekunde) kidogo juu ya 50, na inveta za sola zikiona hivyo hupunguza. Ya pili, kampuni ya lifti ikaweka rezista ya breki inayoingia tukiwa kisiwani.

9. Jaribu kwa mifuko, siyo kwa watu. Mifuko 12 ya saruji ni kilo 600. Zima laini ya nje, kisha: tupu juu, tupu chini, mzigo juu, mzigo chini, betri ikiwa 95 na ikiwa 30. Washa pampu kwa makusudi lifti ikianza, uone kama zamu inaizuia. Rudisha laini ya nje lifti ikiwa katikati ya safari. Chomoa waya wa mawasiliano wa kontrola yako: lifti inapaswa kutua ghorofani na kulala, isiendelee kwa kubahatisha.

Ikikataa

*Kwa laini ya nje inaenda, kwa jenereta au inveta haiendi kabisa.* Mpangilio wa fezi umegeuka. Badilisha waya mbili upande wa chanzo hicho, siyo upande wa lifti.

*Inveta inazima lifti inapoanza.* Soma kumbukumbu za betri kwanza, mara nyingi bodi ya betri ndiyo iliyokata. Kisha tazama kebo za betri: ndefu na nyembamba hushusha volti. Mwishowe omba draivu iongeze mwendo polepole zaidi, kilele kitashuka.

*Inazima inaposhuka imejaa au inapopanda tupu.* Rudi hatua ya 8.

*Breka ya uvujaji inaanguka ovyo.* Draivu huvujisha kiasi kidogo kwenda ardhini kwa maumbile yake. Ya miliampea 30 haifai kwenye laini ya lifti, muulize mtengenezaji wa draivu aina anayoitaka. Usiiondoe ukaacha wazi.

*Inveta inakataa stima ya jenereta, inaipokea na kuitupa.* Mwendo wa jenereta unayumba. Pima hezi lifti ikianza. Rekebisha gavana (kidhibiti mwendo cha injini) kwanza, ndipo upanue mipaka ya inveta.

*Lifti zote mbili zinakimbilia wito mmoja.* Waya wa mawasiliano kati ya kontrola mbili umelegea au umeota kutu. Hapa pwani anza na kutu kila mara. Chumvi huingia hata kabati lililofungwa likiwa upande wa bahari, na mwezi mmoja wa upepo wa kusi watosha kuifanya pini iwe ya kijani. Safisha, paka grisi ya viunganishi, na uhamishe kabati upande wa ndani wa chumba cha mashine.

*Betri inapata joto kupita nyuzi 45 mchana.* Imewekwa chini ya mabati au karibu na rezista ya breki. Feni haitasaidia ikiwa inavuta hewa ile ile ya moto. Ishushe betri ghorofa ya chini penye hewa, mbali na pampu na njia ya maji, na uhesabu upya unene wa kebo kwa urefu mpya.